Makopo Manne ya Vinasanzi

Majengo, Dodoma
6 Julai 1992

Wifi Sabiha,

Barua ya mtu mwenye adabu huanza kwa shikamoo na kuulizana hali. Shikamoo yako nimeizuia, na hali yako naijua: u mzima, umekaa barazani kwako Kibakwe, na mbele yako kuna makopo manne ya samli yenye vinasanzi vya mume wangu, yaliyotoka barazani kwangu. Nayataka.

Usijitie hamnazo. Siku ya arobaini ya Rehani, mimi nimo chumbani na eda yangu, wewe ulipita uani, ukayapanga makopo kwenye ungo, ukayafunika kwa khanga na kupanda lori la vitunguu la Filipo bila kuniaga. Dorothea, mpangaji wangu, alikuona kupitia dirishani. Yeye ni mpiga chapa serikalini. Kazi yake ni kuandika kilichosemwa bila kuongeza neno, kwa hiyo usiniambie kwamba amechanganya mambo.

Najua vinasanzi unavifahamu tangu utotoni, huko huko milimani kwenu. Lakini kule vinajilea vyenyewe. Vinakaa kwenye maji yanayochuruzika, majani yao mekundu yamejaa vinywele, kila kinywele na tone lake la utomvu, na nzi akitua hapo hatoki tena, jani linajikunja taratibu mpaka limmalize. Nyumbani ni kazi. Miaka kumi na tatu nimemwona ndugu yako akikata jani moja kwa wembe, akililaza juu ya mchanga uliolowa, akilifunika kwa glasi na kulichungulia kila asubuhi kwa wiki tano mpaka vitoto vichomoze juu ya lile jani. Mchanga ni wa mtoni, na aliuosha mara saba. Mbolea hapana, hata chembe. Maji ya bomba hapana, maana maji yetu ya Dodoma yana chumvi inayoganda mpaka kwenye birika. Ni maji ya mvua peke yake, aliyoyakinga kwenye pipa lake.

Na nyama usivipe. Kuna mtu siku ya tatu ya matanga alitoa kipande cha nyama kwenye pilau akakiweka juu ya jani, na jani likaoza. Mtu huyo ana pengo mbele na anaitwa Sabiha.

Mimi na Rehani hatukujaliwa mtoto. Alichoacha chenye uhai ndani ya nyumba hii ni hicho tu. Eda yangu inaisha tarehe 23 Septemba, kabla ya hapo siwezi kutoka kukufuata, na wewe ulilijua hilo vizuri ulipobeba. Mpe Filipo makopo yangu safari yake ijayo. Mwambie ayaweke mbele pamoja naye, asiyatupe nyuma kwenye magunia.

Stara,
mjane wa Rehani


Kibakwe
19 Julai 1992

Stara,

Nina miaka hamsini. Mumeo nilimbeba mgongoni kabla wewe hujazaliwa. Barua isiyo na shikamoo nilitaka kuirudisha na Filipo yule yule, ila nimeona nijibu usije ukasema sijui kuandika. Nilifika darasa la nne wakati wa mkoloni. Darasa la nne la wakati ule halikuwa la mchezo.

Sikuiba. Niliokoa. Nilifika kwenye arobaini nikakuta mchanga wa makopo una ukoko mweupe. Nikaulamba. Chumvi tupu. Majani yamekuwa meusi, yamesinyaa, hayana tone hata moja. Makopo matatu yamekwisha kabisa. La nne lina shina moja linalohema kwa shida. Siku arobaini tu tangu mwenyewe azikwe!

Halafu unanifundisha mimi habari za maji. Pipa nililikuta limepinduliwa, kavu, buibui amejenga ndani. Rehani aliniandikia mwezi wa nne kwamba mwaka huu mvua imelijaza hadi mdomoni na litamfikisha Desemba. Maji yamekwenda wapi, Stara? Ulifulia mapazia?

Nyama nilitia, ndiyo. Mwenyewe amekufa, nyumba nzima tunakula, nikaona nacho kisilale njaa. Sikujua kwamba kitaoza, na sijaona aibu.

Sasa nisikilize. Kinasanzi cha kwanza nilikiona mimi. Nilikuwa na miaka tisa, Rehani mitano. Mama alitutuma kuni, tukapanda hadi kwenye chemchemi, nikagusa jani likaninasa kidole. Nikamwita aje aone. Jina la kinasanzi nililitunga mimi pale pale. Yeye akachuchumaa kumtazama nzi mmoja, akagoma kuondoka mpaka jua likageuka. Kuni hatukuokota. Tulirudi tukachapwa wote wawili, yeye kidogo, mimi sana. Wewe ulipokuja kuolewa ulivikuta vimo kwenye kopo tayari, ukadhani vimezaliwa humo.

Kopo lenye uhai halitoki hapa.

Sabiha


Majengo, Dodoma
1 Agosti 1992

Wifi Sabiha,

Unaniuliza pipa. Waulize jamaa zako. Siku ya msiba nyumba hii ilijaa ukoo wenu kuanzia sebuleni hadi chooni, kila mmoja ameshika ndoo au sufuria, na mimi nimelazwa kwenye mkeka napepewa. Nilipoinuka pipa lilikuwa limekwisha. Nani alilifungua, mimi sijui. Labda walipikia, labda waliosha vyombo. Bomba lilikuwa halitoi tangu juzi yake, mtaa mzima shahidi.

Baada ya hapo nilibaki na maji ya kisima cha jirani, ambayo hata ng'ombe anayafikiria kabla ya kunywa. Nilijitahidi. Dorothea alikuwa akitoka kazini anapitia gereji kununua maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, chupa mbili kila Jumamosi, mafundi wakimcheka na kumuuliza gari lake liko wapi. Chupa mbili kwa makopo manne, kwenye upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita! Zamani Rehani alikuwa akipewa maji kama hayo kazini kwake maabara, bure, mpaka walipompunguza kazi pamoja na wenzake kumi na mmoja na kuwapa barua za kuwashukuru. Ndipo akatafuta pipa. Hayo yote unayajua, ila yanakufaa ukiyasahau.

Sasa nami nina swali. Barua yako nimeisoma mara mbili na kuna jambo haliniingii. Kila mwaka Rehani alikuandikia: vipi kule chemchemi? Na kila mwaka ulimjibu: vipo tele, mpaka tunavikanyaga. Barua zako ninazo sandukuni, ya mwisho ni ya Machi mwaka huu. Alikuwa akinisomea hapa barazani huku anacheka, anasema akizeeka tutahamia huko tukavitazame vikiwa kwao. Sasa kama vipo tele mpaka mnavikanyaga, kopo langu moja unaling'ang'ania la nini? Panda mlimani ukachimbe vyako, unirudishie changu. Nijibu hilo tu, mengine yote nitakuachia.

Na yale makopo matatu unayosema yamekwisha, mchanga wake usimwage. Rehani hakutupa kopo lililokufa mpaka msimu mwingine wa mvua upite. Alikuwa anasema majani yakifa, mizizi huchelewa kupata habari.

Stara


Kibakwe
20 Agosti 1992

Stara,

Chemchemi iko mbali na goti langu linauma. Hilo ndilo jibu lako.

Mbwana anasema nisikuandikie tena. Anasema hajapata kuona mwanamke mwenye eda anayetuma barua za ugomvi kila lori linaposhuka, wakati wenzake wanashika tasbihi. Mume wangu si msemaji, ukiona amesema ujue mambo yamezidi.

Unaniandikia kwamba hiki ndicho alichokuachia. Mdogo wangu alikuachia zaidi ya hapo. Miaka kumi na tatu ukoo ulimwambia aongeze mke, naye akakataa, akawa analea majani barazani mahali pa watoto. Watu walimcheka Majengo na walimcheka Kibakwe. Alivumilia kwa ajili yako. Kisha akafa, na hata hayo majani yakakushinda kwa siku arobaini. Kuna watu hawakuumbwa kulea, Stara. Mungu anawajua, ndiyo maana hawapi.

Kopo halitoki.

Sabiha


Majengo, Dodoma
30 Agosti 1992

Sabiha,

Mama yako, Mungu amrehemu, aliishi na mimi miaka sita ndani ya nyumba hii. Tuligombana kwa chumvi, kwa kuni, kwa mlango uliobamizwa. Neno hilo hakunitamkia hata siku moja.

Nilianza kuisoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Dorothea alirudi kula mchana akanikuta hapo hapo sakafuni, akaniuliza ni nani tena amekufa. Umenikata maini, na ulijua kisu unakipitisha wapi.

Tusi sina la kukurudishia. Nakuarifu tu kwamba kuanzia leo bahasha yoyote yenye mwandiko wako haitafunguliwa hapa. Mkaa wa siku hizi ni mbichi, unasumbua kushika moto. Barua zako zitanisaidia.

Stara


Kibakwe
11 Septemba 1992

Wifi yangu Stara,

Umesema hutafungua. Naandika hivyo hivyo, maana nakujua. Ulipokuja kuolewa ulifungua hata mizigo isiyo yako ili uone kuna nini. Utafungua. Filipo sijamwambia kilichomo, kwa sababu Filipo akijua jambo, Mpwapwa nzima inalijua kabla hajabadili gia.

Chemchemi haipo.

Nimeandika maneno hayo mawili kisha nimetoka nje nikazunguka nyumba, ndiyo narudi. Haipo, Stara. Tangu biashara iachiwe huru, malori yanapanda hadi huku kufuata vitunguu. Zamani tulikuwa tunalima vya kula na kugawiana, sasa kila palipo na unyevunyevu pana tuta. Mwaka themanini na nane Mbwana alichimba mfereji, akaikausha chemchemi na kupanda vitunguu mpaka kwenye mawe. Sitamtupia yeye peke yake. Mfuko wa mbolea ya chumvichumvi niliubeba mimi kichwani, nikaumwaga kwa mkono huu ninaoandikia. Siku ile vinasanzi vilikuwa vimechanua, vile viua vyao vya zambarau. Nilivikanyaga nikienda, nikavikanyaga nikirudi. Kwa hiyo katika barua zangu kwa Rehani kulikuwa na neno moja la kweli.

Ningemwambiaje? Alikuwa ameshapunguzwa kazi, amebaki na baraza na makopo yake. Kila barua yake inauliza chemchemi. Nikawa naandika vipo tele. Mwaka wa kwanza nilichana karatasi mbili kabla ya kuimaliza, wa pili sikuchana hata moja. Huku nyuma nilipanda vilima vitatu kutafuta vingine, kwa goti hili hili, ili uongo wangu uwe kweli. Sikupata hata kimoja. Ndipo nikafika kwenye arobaini, nikaona vilivyobaki vimo kwenye makopo manne na vinakufa kwa chumvi. Nilikuchukia, Stara. Nilikuchukia kwa sababu uliviua kwa chumvi ya kisimani kama nilivyoviua mimi kwa chumvi ya mfukoni. Nikabeba.

Lile shina moja lilichanua mwezi wa nane, likazaa, kisha likanyauka. Limekufa juzi. Mbegu zake ni kama vumbi jeusi, ukipumua tu zimekwenda. Nimezikung'utia juu ya karatasi ya daftari, nikaikunja mara nne, imo ndani ya bahasha hii. Ni zote. Kwangu sikubakiza hata punje, maana mkono huu nauogopa. Zinyunyize juu ya mchanga uliooshwa, usizifukie. Lakini wewe unajua kuliko mimi.

Neno lile la kulea, lifute. Lilikuwa langu mwenyewe nikakurushia wewe. Nakuomba radhi.

Wifi yako,
Sabiha


Majengo, Dodoma
21 Septemba 1992

Sabiha,

Barua yako imefika jana, nene kweli kweli. Nilimkalisha Filipo kwenye kigoda ili ashuhudie. Sikuichungulia, wala sikuigeuza upande wa pili. Nikaiweka chini ya mkaa, nikawasha kiberiti, ikashika vizuri mno kuliko ile mifuko ya plastiki anayonunua Dorothea. Nikachemsha chai, Filipo akanywa vikombe viwili. Muulize.

Usidhani nilisita. Unadhani unanijua, basi lijue na hili.

Jumatano eda yangu inaisha. Nitaoga, nitabadili nguo, na Jumamosi nitapanda lori hilo hilo kuja Kibakwe na Dorothea. Nitapita barazani kwako kama ulivyopita kwangu, ila mimi nitaaga. Weka makopo tayari.

Stara


Kibakwe
24 Septemba 1992

Stara,

Filipo amenisimulia yote. Hata kwamba chai ilikuwa na tangawizi.

Usije, hakuna cha kufuata. Lile shina la mwisho lilikufa baada ya kuzaa mbegu. Mbegu zote, kila punje, zilikuwa ndani ya bahasha ile. Nilikutumia wewe kwa sababu wewe ndiye unayejua kuziotesha. Umezichoma mbele ya shahidi.

Ulitaka kujua habari za chemchemi. Tuliikausha tukapanda vitunguu, mimi na Mbwana, huu mwaka wa nne. Huko nako hakuna kitu. Rehani nilikuwa namdanganya. Nilikuwa nimekueleza hayo kwa urefu, na mwishoni nilikuomba radhi kwa lile neno. Sitaandika mara ya pili. Radhi yangu imeshachemsha chai.

Makopo yako manne anayaleta Filipo, mbele pamoja naye kama ulivyoagiza. Ni mchanga mtupu. Sikuumwaga kwa sababu ulisema usimwagwe, na kila asubuhi tangu mwezi wa saba nimekuwa nikiyamwagia maji ya mlimani, yote manne, Mbwana akinitazama kama mwendawazimu. Sasa mchanga wako huo, ufanyie utakalo.

Tumemalizana.

Sabiha


Majengo, Dodoma
14 Februari 1993

Shikamoo, wifi.

Nimekaa kimya miezi karibu mitano. Barua yako niliisoma nikaenda jikoni nikatia mkono ndani ya majivu, nikayachekecha kwa chekecheo la unga. Nilijua sitapata kitu, nikayachekecha tena. Dorothea akaninyang'anya chekecheo. Sikuwa na uso wa kukuandikia, na bado sina, ila kuna mambo mawili ni lazima uyajue kutoka kwangu kabla hujayapata kwa Filipo.

La kwanza ni pipa. Nililifungua mimi. Waliokuja kumwosha Rehani walisema bomba halitoi, na maji ya kisima yana chumvi, yakikauka yanaacha weupe kwenye ngozi. Walikuwa wanaulizana wafanyeje. Mimi ndiye niliyeinuka kwenye mkeka, nikanyoosha mkono, nikasema: chukueni ya pipa, mwosheni kwa maji yake. Wakachota mpaka likagonga chini. Nilijua vinasanzi vitakunywa nini baada ya hapo. Nilijua wakati ule ule, na ningelifanya tena hata leo. Lakini sikuweza kukutamkia, kwa hiyo nikawasingizia jamaa zako wote, walioshika ndoo na wasioshika. Nakuomba uwatake radhi kwa niaba yangu, kuanzia kwa shangazi yako Swaumu, ambaye nilimtaja kwa jina kwa kila aliyekuja kunisalimia.

La pili ni makopo. Yalipofika nilitaka kuyatupa, mkono ukakataa. Niliyasukuma nyuma ya mlango wa choo, penye kivuli, nikawa nayapa maji ya betri kidogo kidogo kwa ubishi tu. Desemba mvua ikaja. Nikalisimamisha pipa chini ya mchirizi, nikayatoa makopo uani, mvua ikayaosha siku tatu mfululizo mpaka ule ukoko mweupe ukaisha. Wiki ya pili ya Januari nikaona kwenye kopo la tatu vidoa vyekundu. Nikadhani ni kutu. Dorothea akaleta miwani yake ya kazini, tukapiga magoti wawili, na yeye ndiye aliyeona vinywele. Vilikuwa vitatu, kila kimoja kama kichwa cha pini, vimesimamisha matone yao. Vimetoka kwenye mizizi.

Mizizi hiyo isingefika Septemba kama makopo yangekauka. Ni yale maji yako ya kila asubuhi, ambayo Mbwana alikuona mwendawazimu. Kwa hiyo sema utakavyo, wifi, lakini waliolea ni wawili, na mmoja ni wewe.

Neno lile sijalisamehe. Nasikia uliliomba radhi, ila radhi yenyewe sikuisoma, na kosa la kutoisoma ni langu. Limo humu ndani, siku nyingine nalala nalo. Na wewe najua hujanisamehe ile chai. Tusidanganyane.

Lakini nimekata jani moja. Mmea bado mdogo, Rehani angenigombeza, nimekata hivyo hivyo kwa wembe wake. Limo ndani ya bahasha hii, kwenye pamba yenye maji ya mvua, ndani ya kimfuko cha plastiki. Mchanga uoshe mara saba. Jani lilaze chali, vinywele juu, ulibonyeze kidogo ligusane na mchanga. Lifunike kwa glasi, ulichungulie kila asubuhi kwa wiki tano. Mbolea isisogee karibu. Nyama usilipe. Mkono wako usiuogope, mimi nimeutazama mchanga ulioumwagia maji na naona uko sawa.

Likishika, baraza si mahali pake. Mwambie Mbwana aachie kona moja tu ya chemchemi, hata upana wa mkeka. Asipotaka, niandikie, nitamwandikia yeye barua kama nilizokuwa nakuandikia wewe, na ataachia.

Jani ni hilo moja. Yaliyobaki siyagusi tena mwaka huu. Tafadhali usiwashie jiko.

Stara


Kibakwe
4 Aprili 1993

Wifi Stara,

Marahaba.

Bahasha niliifungulia ndani, milango imefungwa, pumzi nimeibana. Wiki ya nne hakuna kitu, jani limeanza kugeuka rangi, nikakaa naandaa matusi ya kukutumia. Wiki ya sita vimechomoza vitoto viwili juu ya jani, kama ulivyosema. Kimoja kimeshakamata mbu. Nyama sijakipa.

Shangazi Swaumu nimemweleza. Amesema atakuja Majengo mwenyewe, kwa hiyo jiandae.

Mbwana alisema tusubiri avune kwanza. Nilisubiri siku mbili. Jumatatu nikachukua jembe lile lile alilochimbia mfereji, nikauziba peke yangu. Matuta manne ya vitunguu yamezama, naye tangu siku hiyo anakula bila kusema neno. Ana haki yake ya kununa. Nami nimemwambia nilinyamaza miaka minne, hizo siku zake chache sizioni.

Jana maji yameanza kuchuruzika tena juu ya mawe. Bado yana harufu ya vitunguu, na sitahamishia chochote hapo mpaka mvua ya mwakani iyasafishe, usinifundishe. Nilichuchumaa kuyatazama, nikasema nitakaa kidogo tu. Jua likageuka nikiwa hapo. Nilirudi nyumbani bila kuni, na hapakuwa na mtu aliyebaki wa kunichapa.

Sabiha